Pumzi ya Mazda

Kwanza aliniambia bei. Nikakaa.
Dola mia tatu na arobaini, Zamda,
kununua bomba la kuvuta hewa baridi,
hapa Brandon, Manitoba,
mji ambao baridi hugawiwa bure mlango kwa mlango
na asiyeitaka huletewa mara mbili?

Akacheka. "Si baridi tu, Baba. Ni nafasi.
Injini hii inapumulia kwenye mrija wa soda.
Hewa ikipoa huwa nzito, hushindiliana,
petroli ikapata mwenza wa kuwaka naye."
Maneno haya kayatoa wapi, sijui.
Mimi nilimfundisha kufunga viatu.

Jumamosi, Aprili. Theluji imebaki chafu
kando ya uchochoro, kama ukoko wa sufuria.
Boneti juu. Tochi mkononi mwangu,
cheo nilichopewa bila kuomba.
"Toa hasi kwanza," akajiambia,
spana ya kumi ikazunguka,
waya wa betri ukalala pembeni.
Kisha klampu. Kisha hosi iliyogoma.
Kisha bolti ya tatu, ile ya chini isiyoonekana,
inayofunguliwa kwa ncha za vidole na kwa matusi.
Matusi aliyatoa kwa Kiingereza, kwa heshima yangu.
Nikajifanya sielewi, kwa heshima yake.

Kasha la zamani likatoka, jeusi,
kubwa kama begi la shule.
Akalifungua. Tukanyamaza.

Juu ya chujio, kiota cha panya:
mbegu zenye mabawa, sufi ya kiti,
na vipande vya buluu vilivyotafunwa hadi vikalainika.
Glavu zangu.
Zile ninazovua humu garini saa tisa za usiku
nikitoka kugandisha nyama nisiyoila,
vidole sijui ni vya nani.

Miaka minne gari hili limehema
kupitia nyumba ya mtu.
Hakuna aliyelalamika, si gari, si panya.
Na mimi vilevile, kila nilipokohoa ngazini
nilisema ni hewa tu ya huku, itapita.

Zamda hakuniangalia. Alichomoa sensa
kwa vidole viwili, kama anayetoa kibanzi jichoni.
"Hii ndiyo inayopima pumzi," akasema.
"Mshale uelekee injini."
Akaigeuza. Akaigeuza tena.
"Na wewe unapimwa Jumatatu. Nimeshapiga simu.
Mafua hayawi ya miaka minne."

Nikaangaza tochi mahali pasipohitaji mwanga.

Bomba jipya likaingia, jekundu la aibu,
chujio lake limechongoka kama pia.
Orest wa ng'ambo ya uchochoro akaja na kahawa yake,
akauliza limeongeza farasi wangapi.
"Watano," Zamda akasema. "Labda."
Orest akasoma bei kwenye boksi,
akarudi kwake polepole.

Ufunguo. Mazda ikakohoa, ikazima.
Taa ya njano ikatukodolea jicho.
Akakagua klampu zote, akakagua betri,
na mimi ndiye niliyeiona plagi ya sensa,
ikining'inia mbele ya tochi yangu
muda wote ule. Nikaichomeka. Ta!

Safari hii ikavuta.
Sauti nene, ndefu, bila haya,
kama mfungaji anapopiga funda la kwanza la uji.
Zamda akaruka juu kwa furaha.
Ana miaka kumi na tisa; sikumbuki lini mara ya mwisho.

Kiota alikihamishia kwenye boksi la bomba,
akalisukuma chini ya ngazi. Bolti moja ikabaki.
"Ya wapi hii?"
"Ya kasha la zamani," akajibu, haraka mno.
Nikaitia mfukoni.

Tukatoka barabara ya Victoria, vioo chini,
digrii mbili juu ya sifuri.
Alipokanyaga mafuta, injini ikavuta, na mimi nikavuta.
Yake ilifika yote.
Yangu ilifika pale inapofikia siku hizi,
ikasimama,
na kwa mara ya kwanza
nikamwambia ni wapi.