Kura ya Mwenyekiti

Asubuhi nilikuwa nimewachorea kiini kwa chaki:
duara moja, mshale, maduara mawili,
kisha manne, kisha manane, hadi ubao ukaisha
nikaendelea kwa kidole hewani, nikicheka.
Lazima niliseme hilo kwanza. Nilikuwa nikicheka.

Alasiri, bwaloni, Moshi yote imelowa mvua ya vuli,
hoja ikasomwa: kutumia bomu la nyuklia vitani
kunaweza kuhalalishwa.
Pande tuligawa kwa vizibo vya soda.
Haikaeli akachomoa chekundu, maana yake tetea.
Akakiangalia kama mtu aliyerudishiwa chenji pungufu.

Alitetea, jamani.
Hakuanza na takwimu. Alifungua leso,
akaweka mezani nishani ya babu yake, askari wa Keya, Bama,
utepe umeliwa na mende.
"Agosti ile walikuwa kambini
wakingoja meli ya kuwarudisha mbele.
Meli haikuja. Vita vikaisha.
Akarudi Kibosho, akazibua mfereji, akaoa, akamzaa mama.
Mkisema lile bomu halikuwa halali
nionyesheni nikae wapi."

Hata wapishi walisimamisha miko.

Mchome hakuwa msemaji.
Kigugumizi kilimkaba kwenye herufi ya kwanza
nami nikaisahau saa kwa makusudi.
"M... mtoto," akasema. "Saa mbili na robo asubuhi.
Sisi hapa ndiyo tunapanga mistari ya paredi,
tunakaguliwa kucha. Naye labda alikuwa mstarini.
Labda kucha zake zilikuwa safi.
Haikaeli, mimi nafurahi upo."
Watu wakacheka. Yeye hakucheka.
"Lakini hesabu yako, kwenye jibu, umejiandika wewe peke yako."

Mwenyekiti hachangii hoja. Ndiyo kanuni.
Kwa hiyo sikusema kwamba mimi ni wa Songea,
kwamba huko Mjerumani alichoma mashamba na maghala
akasema njaa itafupisha vita,
na kweli ikavifupisha.
Bibi yake baba yangu alikutwa kando ya njia,
mbegu za ulezi amezifunga kwenye ncha ya kaniki,
hajazila.
Sikusema. Niligonga kengele.
Dakika ya nne.

Tukahesabu mikono. Hamsini na nane. Hamsini na nane.
Tukarudia, maana wa nyuma huwa wanainua miwili.
Hamsini na nane, hamsini na nane,
na mmoja wa waliopinga alikuwa Haikaeli,
mkono mmoja juu, mwingine umeifunika nishani.

Macho yote kwangu.
Dirishani kilele cha Kibo kilikuwa kimetoka mawinguni,
cheupe, hakijaulizwa kitu.
"Chakula kinapoa," nikasema.
Makande yalikuwa hata hayajaiva. Kila mtu alisikia yakichemka.

Kesho yake nikakuta jani juu ya meza yangu,
refu, la kijani, limefungwa fundo katikati.
Mwanafunzi wa zamu akanicheka ugeni wangu:
"Hilo ni isale, mwalimu. Huku kwetu
ukimkosea mtu unampelekea. Hata kama ni damu,
hawezi kulikataa."
Nani kalileta? Hajui.
Ni mimi ninayeombwa msamaha,
au nimekabidhiwa nilipeleke?
Akainua mabega, akaenda kuchota maji.

Maduara yangu yalikuwa bado ubaoni.
Niliyafuta kwa kiganja, sikutafuta dasta,
na siku nzima kila nilichoshika, daftari, kikombe,
shavu langu mwenyewe,
nilikiachia weupe.

Jani nililitia ndani ya rejesta.
Limekauka sasa, limekuwa rangi ya chai.
Fundo halijalegea.