Nguzo Namba Saba

Saa kumi na moja alfajiri, Ibra.
Kiangazi zege humwagwa kabla jua halijaota meno.
Lori limeshafika, tumbo lake linazunguka,
nami nimeinama kwenye nguzo namba saba,
mkanda wa kupimia mkononi, tochi mdomoni.

Ramani niliigonga muhuri mwenyewe, mwezi wa Rajabu:
ringi kila sentimita kumi na tano,
zibanane zaidi penye kiungo cha boriti.
Napima. Ishirini na tatu.
Napima tena, maana mkono nao huchoka.
Ishirini na nne.

Rafikul, msimamizi, anatazama viatu vyake.
Anajua kuwa najua. Waya umemchanja vidole;
usiku kucha amefunga nondo alizopewa,
si alizoomba.
"Chuma kilikuja pungufu," anasema
kwa Kiarabu cha kuokoteza.
Simwandiki yeye. Naiandika nguzo.

Hapo simu inalia.
Mjomba Suweidan, mwenye nyumba,
aliyefunga duka la vitambaa Tabora
akaja kuzeekea kwenye kiwanja cha babu yake:
"Shinuna, mwanangu, unajua lori zima la zege ni riali ngapi?
Atakayelala chini ya dari hiyo ni nani, si mimi?
Wewe andika tu *imekaguliwa*.
Damu nzito kuliko maji."

"Naam, mjomba. Na zege pia.
Ndiyo maana nimemkataza dereva
asilitilie mpira wa maji."

Kimya. Nasikia kijiko
kikizunguka kikombeni, upande wa pili,
muda mrefu kuliko sukari inavyohitaji.

Dakika tisini, ndio umri wa zege ndani ya pipa.
Zimebaki ishirini.
Mwanga umeshika ile minara ya mawe vilimani,
iliyojengwa na watu wasio na muhuri wala mkaguzi,
na sitaki kuwaza ni mingapi iliyoanguka
tusiyoiona.
Mafundi wamekaa juu ya mbao, wanachovya mkate kwenye dengu.
Huyu ndiye aliyenilipia ada ya mwaka wa kwanza,
noti zimekunjwa ndani ya leso, zanukia karafuu.
Natia sahihi.
SIMAMISHA.
Herufi zimetoka kubwa kuliko nilivyokusudia.

Dereva hakungoja. Zege likimgandia pipani
ni kazi yake inayoganda.
Akarudi nyuma hadi pembeni ya lango, akalimwaga:
rundo la kijivu, likajitandaza
kama uji uliokataliwa na mgonjwa.
Rafikul akachukua ubao akalisawazisha,
akalinyoosha na kingo. Hakuna aliyemtuma.

Miezi minane mjomba hakunipigia.
Idi akamletea mama halua bakuli moja.
Zamani yalikuwa mawili.

Leo ni ukaguzi wa mwisho.
Namba saba imezama ndani ya plasta;
naipapasa nikipita, kama mtu apapasavyo mfuko
kuhakikisha ufunguo upo.
Ngazi, sawa. Kimo cha ukuta wa paa, sawa.
Maji ya mvua yaelekee wadi, si kwa jirani: sawa.
Kisha lango, na lile zege.

Limepakwa chokaa. Limetandikwa mkeka na mito miwili,
chupa ya kahawa, sahani ya tende,
na jirani aliyejifanya hanioni.
Baraza.
Ramani haina baraza.

Mjomba anatazama barabarani.
Navuta mkanda kutoka ukingoni hadi kwenye jiwe la mpaka.
Limebaki ndani kwa upana wa kiganja.
Napima tena, maana mkono nao huchoka.
Kiganja.

"Keti basi," asema, bado anatazama barabarani.
"Au na kukaa kuna kibali?"

Naketi. Limeinama kidogo upande wa kusini,
na moto wa mchana bado uko tumboni mwake.
Ananimiminia kahawa.
Halina ringi hata moja.