Kikombe cha Kumi na Mbili

Ramadhani, baada ya futari,
Suhar nzima ilimtazama Bakhiti wa Almasi
akianguka na sinia la kahawa.
Katika tamthilia hiyo anaitwa Ambari,
mtumishi, na maneno yake ni matatu:
Naam bwana. Nimekosa bwana.
La tatu ni mlio tu.

Mrembaji wa studio alimkagua uso,
akasema taa zinamchujua, ongeza.
Wakaongeza.
Mtu mweusi akapakwa weusi
kama chungu kilichorudishwa mekoni.

Sisi watu wa ngoma tulicheka, nisiseme uongo.
Mimi Marijani, mpiga msondo, nilicheka
hadi sambusa ikanipalia.
Zafarani binti Sanguri alikuwa anakunja mkeka.
Aliukunja, akaukunjua, akaukunja tena.

Mfunguo mosi, harusi ya mtoto wa mwenye kiwanda cha matofali,
uwanjani nyuma ya kituo cha petroli.
Zumari imeshika moto, mduara umezunguka mara ya saba.
Bakhiti yuko viti vya mbele, mgeni wa heshima,
watoto wanapiga naye picha, wanamwomba aanguke.
Zafarani akainua mkono. Nikapunguza.
Akakiweka Kiarabu kando, akatoa Kiswahili,
kile cha bibi zetu, ambacho wenye harusi
hukifurahia kama mvua juu ya bati:
wanasikia mdundo, hawaulizi inasema nini.

*Wamekupaka masizi, weusi hukuwa nao?*
*Kazi yako kubwa kazi, kubeba vikombe vyao,*
*Waanguka kwa ujuzi, wapate kicheko chao,*
*Mwanao yu sebuleni, acheka pamoja nao.*

Kina cha kati kilimponyoka mwishoni.
Hakukirudia, na hakuna aliyekidai.
Baba wa bwana harusi akarusha noti ya riyali ishirini:
Mashallah, zidisha!

Bakhiti akainuka.
Alikuwa anapita Shafiqul, kijana wa Chittagong,
na sinia la vikombe vya kahawa.
Akampokonya. Akaja kwa ule mwendo wa Ambari,
magoti yamelegea, macho yamemtoka,
mpaka miguuni pa Zafarani, akaanguka.
Ufundi ule! Hata mkono wangu uliniruka
ukampigia pigo la kumsindikiza.
Uwanja ukapasuka kwa vicheko.

Naye akiwa bado chini, kwa Kiswahili, polepole:
«Hiyo noti, Zafarani, uliinama kuiokota
au ilipanda yenyewe?
Mimi huanguka mbele ya macho yao, wakaniona.
Wewe unawatukana kwa lugha wasiyoisikia,
kisha unalala ukijiita shujaa.
Na leo hukuwatukana wao. Umenitukana mimi.»

Zafarani hajamjibu hadi leo.
Watu huniuliza nani alishinda, kama vile ulikuwa mpira.
Nawaambia: Almasi, Ambari, Zafarani, Marijani,
yasome majina yetu kwa sauti,
utadhani ni bidhaa kwenye rafu za sonara na muuza manukato.
Aliyewaita hivyo babu zetu
alikuwa anahesabu mali.
Nikifika hapo hunyamaza, maana sijui
kama ndilo jibu, au nimekwepa tu.

Shafiqul alipiga magoti, akaokota.
Hakucheka, wala hakununa.
Akahesabu: kumi na kimoja.
Akahesabu upya, akainua pindo la zulia,
akamtazama msimamizi, msimamizi akaandika kitu.
Hakuna aliyemtungia ubeti.

Cha kumi na mbili kilibingirika
kikasimama kando ya mguu wangu, nyuma ya msondo.
Nilikiona tangu mwanzo.
Nikaendelea kupiga.