Katibu wa Kituo Namba Kumi na Saba

Mara ya kwanza nilitia saini.
Niseme hilo mwenyewe, lisije likasemwa na mwingine.
Shule yetu, Hlybachka, mwendo wa saa tatu kutoka Minski,
ukumbi wa mazoezi, kamba za kukwea zimefungwa juu,
na masanduku ya mbao yenye nembo ya taifa
yamekaa pale pale wanafunzi wangu hurukia godoro.
Tulihesabu hadi saa sita usiku. Mimi ni mwalimu wa hesabu:
mia nne na kumi na mbili zake yeye,
mia sita themanini na tisa za mwanamke aliyeshindana naye.
Akaja bwana wa wilayani na mkoba wa ngozi,
akapangusa theluji viatuni kwa adabu,
akasema, "Mwalimu Vasilina, umechoka, umezigeuza."
Fomu ilikuwa imeshajazwa. Ilibaki nafasi ya jina langu.
Nilikuwa na mkopo. Nilikuwa na mama kitandani.
Wahenga husema njia ya mwongo ni fupi.
Yetu ilizolewa theluji usiku ule ule,
ikatiwa chumvi, magari yakapita.

Baada ya miaka mitano yakaja mageuzi.
Yaliletwa na lori, ndani ya maboksi:
masanduku ya plastiki angavu, kila mtu aone;
kamera moja, ikaelekezwa kwenye bendera;
kijitabu cha maadili chenye picha ya njiwa.
Waangalizi wakapewa chai na mikate ya kabichi,
wakaandika kwamba foleni ilikuwa tulivu.
Kweli, ilitulia.
Hata makaburini hakuna anayemsukuma mwenziwe.
Tuliziona kura zikiingia, moja moja, hadi mikunjo yake.
Namba zilivyotoka, hakuna plastiki iliyotuonyesha.

Mkoba ulikuwa ule ule. Bwana alikuwa amenenepa.
"Mwalimu, umechoka," akaanza,
nami nikagundua sijachoka hata chembe.
Mama alishazikwa. Mkopo uliisha mwezi Machi.
Msiniite shujaa: ushujaa wangu ulisubiri risiti.

Nikafungua dirisha la ukumbi, lile linalokwama.
Nje walisimama watu kama arobaini, pumzi zikifuka:
Kazimir wa duka la baiskeli, madada wawili wa Shapoval,
mlinzi wa shule akijifanya anazoa theluji.
Nikasoma kama nisomavyo alama za mtihani,
kwa mfuatano, bila huruma:
mia tatu na tano. Mia saba sabini na moja.
Zilizoharibika, tisa.
Nikarudia, maana wa nyuma hawakusikia.

Hakuna aliyeshangilia. Mmoja aliandika kiganjani.
Asubuhi redio ikatangaza asilimia themanini na saba, na hali shwari.

Siku hizi nafundishia jikoni, watoto wawili wa jirani,
nalipwa viazi, mara nyingine asali.
Jana mdogo aliuliza kwa nini tuhakiki jibu
ilhali kitabu kimeshalichapa kurasa za mwisho.
Nikamwambia: funika kwa mkono. Hesabu tena.