Kijiko Dirishani

Jumamosi, na mvua ya Wales imekwenda kuvuta pumzi tu;
itarudi kabla ya chakula cha mchana, tunaijua.
Nimeitoa bandani mashine ya kupogolea,
waya wake wa rangi ya chungwa ukinifuata kama mbwa mkaidi.
Ua wa michongoma umeota ndevu tangu Februari,
tangu baba alipoanguka jikoni
na maneno yake yakabaki kule chini, sakafuni.

Anaketi nyuma ya kioo, Idwal Prosser,
miaka thelathini na mmoja mgodini,
blanketi magotini, kijiko mkono wa kushoto.
Wa kulia haumtambui tena.

Ngo.
Nina plagi mkononi.
Ngo, ngo.
Namtazama. Anatazama nyasi.
Nainama: umande. Soksi zangu zimelowa nami sina habari.
Haya, baba. Tungoje jua lipande juu ya kanisa.

Saa tano. Kwenye soketi kuna kile kikata-umeme cheupe
alichonunua mwaka ule alipoukata waya wa mashine
kwa meno ya mashine hiyohiyo:
cheche, harufu ya nywele,
mama akipiga ukelele kutoka kwenye kamba ya nguo.
Jioni alicheka. Usiku alilala na taa.
Majirani wakampoza: ajali haina kinga.
"Inayo," akasema. "Pauni kumi na nne, dukani kwa Merfyn."

Nabonyeza kitufe cha kujaribia. Tak. Umekufa.
Narudisha. Umefufuka.
Waya naupitisha begani, ushuke mgongoni,
ukae nyuma yangu, usiyatangulie meno.

Nakata. Majani yanamwagika, ua unapata uso.
Limebaki tawi moja, refu kuliko adabu,
na ngazi ya alumini ninayo.

Ngo ngo ngo ngo ngo!

Kioo kitapasuka, mzee huyu!
"Nini tena?" napaza sauti, na nina hasira kweli.
Kijiko kinapanda, kinatetemeka, kinaelekeza juu.

Ndani ya majani, mweusi kama tawi jingine lolote,
waya wa nguzoni unaoingia paani mwetu.
Kunguru ametua juu yake, miguu yote miwili,
hana deni na ardhi.
Mimi ningekuwa na mguu huku, mkono kule.
Ningekuwa daraja.

Umeme hauna mjomba.
Nailaza ngazi nyasini, polepole, kama mtoto aliyesinzia.
Tawi lile ni la wenye nguzo; Jumatatu nitawapigia simu.
Nachomoa plagi kwanza, ndipo nagusa meno,
nakunja waya kwa mizunguko mikubwa, alivyonifunza,
usije ukavunjika ndani ukajifanya mzima.

Ngo.
Nazunguka. Nyasi? Ngazi? Swichi?
Naangalia kila kitu mara mbili.
Ngo, anasisitiza, uso umemkunjamana,
kisha anakigeuza kijiko, anakitumbukiza kikombeni,
kikombe kitupu.
Chai, Nerys. Chai.