Unga wa Kusoma Upepo

Nyumba ninayolala si yangu, na kodi ya Desemba
imenikwama kooni kama kipande cha barafu.
Lakini alfajiri hii, nje kidogo ya Globe, Arizona,
navuka lango la waya, nalifunga kama nilivyolikuta,
na mbele yangu zimelala ekari zisizo na baba mwenye nyumba:
mawe, mipungate, miti ya meskiti.
Jina lakaribia nyumba ya ibada, ila humu hakuna wa kuadhini,
ni kindege mmoja tu anayekwaruza koo juu ya miba.

Fermín, mtoto wa marehemu kaka, ana miaka kumi na minne.
Kibali kiko mfukoni mwake, kimekunjwa mpaka kimechoka.
Alikipata kwa bahati nasibu ya serikali,
akanipigia simu usiku wa manane, anahema
kana kwamba ameshinda gari.

Nachota unga wa ngano kwa ncha za vidole,
nauachia hewani. Unainamia korongoni.
Basi tunazunguka, saa nzima, kwa ajili ya chembe za unga.
Havelina haoni mbali,
ni mzee aliyeketi juu ya miwani yake akaivunja.
Lakini pua! Pua yake ingesoma barua iliyofungwa.

Tuliwakuta upande wenye jua, tisa,
wakitafuna mpungate pamoja na miba yake
kama watu wanaokula mkate wa juzi bila kulalamika.
"Si nguruwe," nikamnong'oneza,
"mji mzima unakosea. Ona kola nyeupe shingoni,
karani huyo, kavaa koti la manyoya."
Akacheka. Nikamfinya.

Risasi moja.
Wanane wakawa vumbi,
meno yakigongana ka-ka-ka, vijiko kwenye droo.

Halafu mmoja akarudi.
Akamnusa aliyeanguka sikioni,
akamsukuma bega kwa pua, mara mbili,
kama unavyomwamsha mtu atakayechelewa kazini.
Fermín alikuwa ameshusha bunduki.
Nilitafuta methali, sikuwa nayo.
Tulikaa pale, matako kwenye changarawe baridi,
mpaka alipoamua mwenyewe kuondoka.
Hilo halikuandikwa kwenye kibali.

Mgongoni, karibu na kiuno, kuna tezi.
Uvundo wake ni soksi, kitunguu na ugomvi.
Evaristo alinifundisha kabla mgodi haujamla mapafu:
mkono ulioshika ngozi usishike nyama,
kisu kilichochuna kisikate.
Wanaosema mnyama huyu hunuka
wamejinusa vidole vyao wenyewe.
Nikamwambia Fermín hivyo hivyo, kwa sauti ya baba yake,
nikashtuka kuisikia ikitoka kwangu.

Bega lililala usiku kucha katika sufuria nzito:
pilipili nyekundu kavu zilizobabuliwa,
kichwa kizima cha kitunguu saumu, bizari nyembamba, siki,
na mfuniko nimeuziba kwa kinyunya
cha unga ule ule uliotuonyesha upepo.

Jumapili mchana bwana Pruitt akabisha, kuja kuulizia kodi.
Ni yeye aliyewahi kuniambia nyama hiyo ni ya mbwa.
Nikampa nusu ya pesa na sahani iliyojaa.
Alikula wima, kofia kichwani,
akafuta mchuzi kwa kipande cha mwisho cha chapati.
"Nyama ya nani hii?"
"Yako pia," nikamjibu. "Imetoka kwenye ardhi yetu sote."
Akatazama pesa mkononi. Akazihesabu tena. Akaenda.

Fermín alikula wa mwisho, polepole,
akitenga mifupa ukingoni mwa sahani, mmoja mmoja.
"Shangazi, yule mwingine,
unadhani leo amelala wapi?"

Nikamwongezea mchuzi.
Nje, upepo ulikuwa umegeuka.