Mia Nane na Ushei

Ofisini kwetu Kipawa, feni inakata hewa ileile,
nachorea ndege za kukodi njia zao:
kilomita, dakika, mafuta, uzito wa abiria
wanaojipunguzia kilo wakiulizwa, kana kwamba mzani haupo.

Jana, saa nne asubuhi, baba akapiga simu toka Sumbawanga.
Hakuuliza mvua. Hakuuliza mshahara.
"Eti Tulizo, kutoka huku hadi Masasi
ni mbali kiasi gani?"

Masasi yuko mama.
Miaka kumi na tisa hajautaja mji ule;
hata korosho huziita "zile za kusini."

Nikashika rula, nikaiweka chini.
Hii nilishaipima siku ya kwanza kazini,
kabla sijaonyeshwa choo kilipo.
"Mia nane na ushei, baba. Kilomita. Mstari ulionyooka."
"Na saa?"
"Kwa ndege ya pangaboi moja, saa mbili na nusu.
Kwenda, unaupinga upepo wa kusi.
Kurudi unakusukuma, unaokoa dakika kama ishirini."
"Kwa hiyo kurudi ndiyo rahisi."
"Ndivyo hesabu inavyosema."
Akakohoa. Nikasikia jogoo wa kwake.
"Basi si mbali."

Sikumwambia kwamba ndege hiyo haipo,
kwamba vumbi la kiwanja kile na la kiwanja kile
hayajawahi kujuana,
kwamba kutoka pembe hadi pembe
sharti ushuke Dar, usubiri, uulizwe kitambulisho,
ndipo uendelee.

Na Dar ni mimi.
Kabatini kwangu Kipunguni maharage ya Ufipa
yamelaliana na mfuko wa korosho,
na simu zote mbili, kabla ya kukatika,
huuliza kama bahati mbaya: "Na huko kwingine, hawajambo?"
Hawajambo, nasema.
Hawajambo.

Jioni nikabaki. Kapteni Mwanjala akachungulia mezani.
"Nani kaikodi hii?"
"Hakuna."
"Basi chora. Mstari hauli mafuta."

Nikachora. Nikajaza na fomu, kalamu ya bluu:
abiria mmoja, miaka sabini na mmoja;
uzito nikakisia, amekonda siku hizi;
mzigo, debe moja la maharage;
mafuta ya ziada ya dakika arobaini na tano,
endapo mtu ataghairi juu ya Njombe.

Kikabaki kisanduku cha mwisho:
kiwanja mbadala, iwapo uendako hakupokeleki.
Kanuni inataka Mtwara, ndiko jirani.
Nikaandika: Dar es Salaam, Kipunguni,
nyumba ya tatu baada ya mashine ya kusaga.

Nikapiga hesabu upya. Mafuta hayafiki.

Nikaongeza mafuta.